Jiwe la Mstari Mweupe

Asubuhi ya kumhamisha Mineko, Kinuyo alipika wali mwingi kuliko vinywa vya kuula. Aliufinya matonge kumi na mawili, akayavika mwani mkavu, akayapanga ndani ya bati la biskuti. Mwanawe Yasuhiko, aliyefika jana yake kwa boti, alikuwa amekaa kizingitini akifunga kamba za viatu.

"Mama, tuko wanne tu."

"Anayechimba hula."

"Anayechimba ni mmoja. Na Mzee Tomekichi hana meno."

"Basi atameza," alisema Kinuyo, akafunika bati.

Alikuwa na miaka themanini na mmoja, na leo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, angeteremka Ufuko wa Nyuma.

Kisiwa cha Hosogi kilikuwa kimebaki na watu wawili, yeye na Tomekichi. Mwisho wa mwezi boti ingeacha kuja. Tomekichi angechukuliwa na mpwa wake siku ya Ijumaa. Kinuyo angeondoka leo hii, kwa boti ya saa tisa, kwenda kukaa na Yasuhiko mjini, ghorofa ya saba. Vyombo vilishatangulia. Kilichobaki kuchukuliwa ni mtoto.

Hosogi kila familia ilikuwa na makaburi mawili. La kuombea lilikuwa nyuma ya hekalu, jiwe lililochongwa majina, na huko ndiko watu walikopeleka maua na udi. La kuzikia lilikuwa Ufuko wa Nyuma, mchangani, na alama yake ilikuwa jiwe la baharini lisilo na jina. Maiti ikishalazwa pale na siku arobaini na tisa zikapita, hakuna aliyerudi kuitazama. Mwili uliachiwa mchanga.

Kaburi la kuombea halikuwa na shida tena. Mwezi uliopita mtawa alikuja akalisomea lile jiwe mpaka likawa jiwe tu, kisha wakaja watu wakalibeba. Lakini Mineko hakuwa humo. Mineko alikuwa mchangani tangu alipokufa kwa homa, ana miaka mitano, wiki ambayo bahari ilichafuka na hakuna chombo kilichothubutu kumvusha kwenda kwa daktari.

Tena mama hamziki mwanawe. Hiyo nayo ilikuwa desturi ya Hosogi. Mzazi aliyetanguliwa na mtoto hufungiwa mlango akae ndani, majirani wakazike. Kinuyo alikaa ndani. Akasikia miguu ikipita, akasikia kengele ndogo ya mtawa ikipanda mlima na kupotea. Jioni mama mkwe wake, mwanamke asiye na maneno mengi, alimsogelea jikoni akamnong'oneza: jiwe lake lina mstari mweupe, umelizunguka kama mkanda. Hakusema zaidi, wala hakulitaja tena mpaka naye akafa.

Juu ya ufuko ule kuna mwinuko, na juu ya mwinuko watu wa hifadhi ya taifa walijenga mahali pa kutazamia: uzio wa mbao, benchi, na ramani ya bati yenye majina ya visiwa. Kinuyo ndiye aliyeomba kuuza chai pale, katika kibanda alichokiendesha na mumewe Shigemasa. Watu walidhani anapenda biashara. Aliuza chai na jeli ya mwani kwa miaka arobaini na kitu, na kila asubuhi, kabla wageni hawajapanda, alisimama kwenye uzio akatazama chini, katikati ya misonobari miwili, akaliona jiwe.

"Umeamkaje, mwanangu," alisema, kwa sauti ndogo, maana kuongea na aliye Ufuko wa Nyuma ni jambo la kumtia mtu aibu.

Wageni walisifu visiwa, vilivyotapakaa baharini mpaka jicho linachoka kuvihesabu. Wengine walisifu mawe ya chini, wasijue ni mawe gani. "Yamepangwa vizuri kama vifungo vya shati," mgeni mmoja alisema, na Kinuyo akamwongezea chai bila malipo.

Fundi Goda alifika kwa boti ya asubuhi, mtu mnene mwenye sauti ya upole, na mabeleshi mawili, chekecheke la waya, na chungu cheupe cha kutilia mifupa, chenye kifuniko. Alishahamisha makaburi ya visiwa vingi. Alimwomba Kinuyo kibali cha ofisi ya mji, akakisoma akiwa amekishika mbali na macho. Jina, Mineko. Idadi, mtu mmoja.

"Nikuambie mapema, mama," alisema. "Mifupa ya mtoto ni laini. Mchanga wenye makombe huihifadhi, lakini miaka hamsini na minne si mchezo. Tukipata meno, tushukuru."

"Jino moja linanitosha."

Tomekichi walimkuta njia panda, amekaa juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, kidevu juu ya mkongojo.

"Mama Yasu, umevaa kama unaenda kuposwa."

"Na wewe umekaa kama mtu aliyekataliwa posa."

Goda alicheka. Tomekichi hakucheka, na hilo lilimshangaza Kinuyo, maana katika miaka yote mzee huyu hakuwahi kumwachia mtu neno la mwisho.

"Hivi," alisema Tomekichi, "mtoto amekulalamikia? Amesema hapataki pale?"

"Sitaki abaki peke yake."

"Yuko peke yake wapi? Kijiji kizima kiko pale. Mimi na wewe ndio tulio peke yetu."

"Kama unaogopa ufuko, baki hapa na matonge."

"Mimi niogope ufuko? Mimi nime…"  Akajikongoja akainuka, akawafuata kwa nyuma, akikohoa njia nzima kama mtu anayetaka kuambiwa arudi nyumbani.

Njia ilikuwa imeliwa na majani. Yasuhiko alitangulia akiyakata kwa mundu, Kinuyo akashuka amemshika bega fundi. Ilipofika mwisho wa majani, mchanga ukaanza, na yale mawe yakasimama mbele yake.

Kutoka juu yalikuwa madogo, kila moja kama tonge la wali. Hapa chini yalimfika magotini. Kinuyo alipita kati yake taratibu, akitafuta, na alipoliona hakuwa na haja ya kuuliza. Mstari ulikuwa mweupe kweli, mpana kama vidole viwili, umelizunguka jiwe lote bila kukatika. Akapiga magoti. Akalipangusa kwa kiganja. Akasema, kwa sauti ya kawaida sasa, mbele ya watu, "Nimekuja."

Yasuhiko akageuza uso akatazama bahari.

Goda aliwasha udi, akafumba macho kidogo, kisha yeye na Yasuhiko wakalisukuma jiwe pembeni. Akaanza kuchimba. Hakuchimba kama mtu anayelima. Aliondoa mchanga kidogo kidogo, akaumwaga kwenye chekecheke, akautikisa, akatazama, akaendelea. Kinuyo alikaa ukingoni amelaza kitambaa cheupe mapajani, tayari kupokea. Alimweleza Goda habari za Mineko ingawa hakuulizwa: kwamba hakuwahi kupenda samaki, kwamba alikuwa akiwaiga watu wazima wanavyokohoa, kwamba jino moja la mbele lilikuwa limeanza kulegea na alikuwa akilisukuma kwa ulimi mchana kutwa.

"Hilo basi ndilo tutakalolitafuta," alisema Goda.

Ilikaribia saa sita beleshi lilipogusa kitu. Goda akaliweka chini, akaingiza mikono. Alifukua kwa vidole kwa muda mrefu. Halafu akaacha.

"Mama," alisema, "mtoto alikuwa na miaka mitano, sivyo?"

"Mitano na miezi miwili."

Goda akasogea pembeni. Kinuyo akainama akatazama. Kulikuwa na mfupa wa paja, wa rangi ya chai, na urefu wake ulikuwa kama mkono wake yeye kutoka kiwikoni hadi kidoleni. Kando yake kulikuwa na taya, na katika taya jino moja lililovikwa fedha.

 Yasuhiko ndiye aliyeanza. "Labda yuko chini yake. Labda walizikwa wawili, mmoja juu ya mwenzake."

"Hosogi hawakuzika hivyo," alisema Goda.

"Sasa huyu ni nani?"

"Huyo ni Bibi Tatsu," alisema Tomekichi.

Wote wakamgeukia. Mzee alikuwa amesimama mbali kidogo, kofia mkononi.

"Lile jino alilinunua bara. Alikuwa akicheka ovyo ili watu walione." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Yule wa machenza. Aliyekuwa akiwafukuza watoto na fimbo."

Kinuyo alimkumbuka. Alimfukuza Mineko pia, siku moja, mpaka mlangoni.

"Bibi Tatsu anafanya nini hapa?" aliuliza.

"Mama Yasu, tukae kwanza."

"Nimeshakaa. Sema."

Tomekichi akakaa mchangani, mzima mzima, kama mtu aliyekatwa miguu.

"Mwaka wa kile kimbunga," alisema. "Wewe ulikuwa bara, hospitali, unapasuliwa nyongo."

"Nilikaa wiki tatu. Nikarudi. Shigemasa akaniambia Ufuko wa Nyuma haukuguswa."

"Uliguswa."

Akaeleza, macho yake kwenye kofia. Mawimbi yalipanda mpaka kwenye mizizi ya misonobari. Yalipotulia, wanaume walishuka wakakuta mchanga umelala tupu, mawe yametawanyika kama punje, mengine yako ndani ya maji. Hakuna aliyejua lipi lilikaa juu ya nani. Wangejuaje? Walifundishwa tangu utotoni wasipatazame mahali pale. Wakakaa wakashauriana. Kama wangesema ukweli, kila mama na kila mjane kisiwani angelia upya, na isingesaidia kitu. Wakaokota mawe yote, wakayapanga kwa mistari, yakapendeza. Wakaapa.

"Jiwe la mwanao lilikuwa limeviringika mpaka kule mwisho wa ufuko. Shigemasa alilitafuta siku mbili. Mikono ilimtoka damu. Tukalibeba watu sita. Tukamuuliza, tuliweke wapi? Akasema, ngojeni." Tomekichi akapandisha mkono akaonyesha juu, kwenye uzio wa mahali pa kutazamia, uliokuwa ukionekana mdogo juu ya mwinuko. "Akapanda mpaka kibandani kwako. Sisi tumelishika hapa chini, yeye kasimama pale unaposimama wewe, anatupungia mkono. Kushoto. Kulia. Rudi kidogo. Kama watu wanaotundika picha ukutani. Mpaka akaliona vizuri katikati ya ile misonobari, ndipo akatupungia mikono miwili, tuliache."

Kinuyo alitazama juu. Akakumbuka kwamba zamani, kabla ya kwenda hospitali, ilimbidi aushike uzio na kuinama sana upande wa kulia ndipo alione jiwe. Aliporudi hakuhitaji kuinama tena. Alidhani kimbunga kilivunja matawi.

"Alijua," alisema. "Kila asubuhi alikuwa ananisikia nikimsalimu. Alikuwa nyuma yangu anachemsha maji."

"Alikupenda."

"Nimemsalimu Bibi Tatsu miaka thelathini na minne."

"Mama," alisema Yasuhiko, akamgusa mgongo.

Aliutoa mkono ule taratibu. "Mtoto wangu alikuwa wapi kabla ya kimbunga? Wewe ulikuwepo siku ya kumzika. Ulibeba wewe."

"Nilibeba," alikiri Tomekichi. "Watoto walilazwa upande wa chini."

"Upande wa chini uko wapi?"

Mzee alinyoosha mkongojo. Uliwapita wao, ukapita mawe, ukapita ukingo wa mchanga, ukaelekea kwenye maji ya kijani yaliyokuwa yakijaa polepole, pale ambapo mwamba mmoja mweusi ulijitokeza na kuzama.

"Pale ulipo mwamba, zamani palikuwa nchi kavu," alisema. "Tulikuwa tunaanika nyavu."

Goda alikuwa mtu mwema. Hakusema ni kazi bure. Alichukua beleshi akateremka hadi ukingoni, akachimba shimo la kwanza, likajaa maji. Akachimba la pili hatua tatu juu yake. Yasuhiko akachukua beleshi la pili. Kinuyo akachimba kwa mikono, akichekecha mchanga kati ya vidole, na kila kipande cheupe alikiinua kwenye mwanga: kombe, kombe, kokoto, kombe. Mara moja alipata kitu kidogo chenye ncha, akakiweka ulimini, akakitema. Lilikuwa gamba la konokono.

Mashimo yalifika tisa. Bahari iliyafunika moja baada ya jingine, bila haraka.

Saa saba na nusu Goda alisimama akajinyoosha mgongo, akamtazama Yasuhiko, na Yasuhiko akaelewa kwamba ni yeye anayepaswa kusema.

"Mama. Boti."

"Naisubiri."

"Haijafika, lakini inabidi tupande mlima." Akachuchumaa karibu naye. Akashusha sauti. "Sikiliza. Tuchukue mchanga kidogo. Wa hapa hapa. Tuweke ndani ya chungu. Watu wengi hufanya hivyo, si kitu kibaya. Ama…" Akatupa jicho kule juu, kwenye shimo la Bibi Tatsu. "Mifupa ni mifupa, mama. Tutamwombea tu."

"Mchanga ninao viatuni," alisema Kinuyo. "Na yule mwanamke alimfukuza mwanangu kwa fimbo. Usiniwekee kitu humo."

Hakupandisha sauti. Yasuhiko, mtu wa miaka hamsini na miwili, akaanza kulia kwa namna ya mtu aliyesahau jinsi ya kulia. Hakumjua dada yake, alizaliwa baada yake, lakini maisha yake yote alimwona mama yake akitoka mapema kwenda kibandani, na akaamini anakwenda kuchemsha mwani.

Walimrudishia Bibi Tatsu mchanga wake. Goda akauliza jiwe lirudi wapi. Tomekichi akamtazama Kinuyo, Goda akamtazama Kinuyo.

"Popote," alisema.

Wakaliacha lilipokuwa limesukumwa, limelala ubavu.

Njiani kurudi, kwenye kona, Kinuyo alisimama kuvuta pumzi, akamngoja Tomekichi amfikie.

"Mngeniambia," alisema, "ningeisalimu bahari. Ilikuwa mbele yangu siku zote. Isingenigharimu kitu kugeuza shingo."

Tomekichi alishusha macho kwenye mkongojo wake. 

Gatini boti ilikuwa imeshafunga kamba. Nahodha alipokea mizigo, akapokea chungu cheupe kwa mikono miwili, kwa heshima, akakiweka ndani kisije kikapigwa na upepo. Bati la matonge halikuguswa na mtu. Kinuyo alilisukuma kifuani mwa Tomekichi.

"Utakula mpaka Ijumaa."

"Mama Mine," alisema mzee. Hakuna aliyemwita hivyo tangu Yasuhiko azaliwe. Tangu hapo alikuwa Mama Yasu, kwa midomo ya kisiwa kizima, kana kwamba walipewa amri.

Kinuyo akampa mgongo. Alipanda boti akakaa upande wa ndani, ukutani, mahali pasipo na dirisha. Boti ilizunguka kisiwa kwa nyuma, kama ilivyozoea, ili abiria waone mwinuko na misonobari. Nahodha alitangaza kwenye kipaza sauti maneno yaleyale anayowatangazia wageni siku zote, ingawa ndani hakukuwa na mgeni hata mmoja. Yasuhiko alitoka nje kutazama. Aliporudi, mama yake alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala.

Jumapili walikwenda kwenye hekalu la mjini, kwa kuwa siku ilikwishapangwa na jina limekwishaandikwa. Nyumba ya kuhifadhia mifupa ilikuwa na makabati kutoka sakafuni hadi darini, kila familia na mlango wake mdogo. Ndani ya mlango wao Shigemasa, aliyefia mjini, alikuwa ametangulia, miaka kumi na mmoja sasa, katika chungu cha kijivu.

Njiani Yasuhiko alikuwa ameuliza, "Tuwaambie watu wa hekalu?"

"Waambie wewe," alisema Kinuyo, na Yasuhiko hakuwaambia.

Mhudumu alikuwa msichana aliyevaa glavu nyeupe. Alisoma karatasi, akaangalia miaka ya marehemu, na uso wake ukabadilika kwa huruma. Akakiinua chungu. Akasita kidogo alipouhisi uzito wake.

"Watoto huwa wepesi," alisema kwa upole.

Yasuhiko aliinama kumshukuru, akabaki ameinama hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Vitagusana?" aliuliza Kinuyo.

"Samahani, bibi?"

"Hicho na hicho cha kijivu. Vinaweza kukaa mbalimbali?"

Msichana alipima nafasi kwa macho. "Ni padogo. Lakini si baba yake?"

"Ndiye baba yake."

Msichana akakisukuma chungu kitupu ndani mpaka kikagonga kile cha kijivu, akafunga mlango, akamletea Kinuyo daftari la kupokea ufunguo na kumwonyesha mahali pa kugonga muhuri wake wa jina, badala ya sahihi. Kinuyo akaupekua mkoba kuutafuta muhuri. Alitoa leso, akatoa miwani, akatoa kibali cha ofisi ya mji kilichokunjwa mara nne, akavirudisha, akaanza kupekua tena. Nyuma yao familia nyingine ilikuwa imeshafika na chungu chao, inangoja zamu.